Kisio Bila Ushahidi Ni Ramli

Maswali ya lugha yanayofika katika dawati letu mengi yanazunguka jambo moja: mtu anasoma Kiingereza, anakutana na neno asilolijua, kamusi haipo au muda haupo. Afanyeje? Tumempelekea maswali hayo mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiingereza katika sekondari za bara na za pwani kwa zaidi ya miaka 30. Ameomba tusimtaje jina, kwa sababu, anasema, wapo wanafunzi wake wa zamani ambao bado wanamdai madaftari.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu. Kwenye ufahamu tunaambiwa tupate maana ya neno kwa kutumia muktadha. Mimi naona huko ni kubahatisha tu. Nimekosea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umekosea kidogo, na nitakuonyesha kwa Kiswahili kwanza. Chukua msomaji wa Eldoret ambaye hajawahi kufika Dar es Salaam. Anafungua hadithi, anasoma: "Alidandia daladala ya Posta, akasimama mlangoni kwa kuwa viti vimejaa, na konda alipomdai nauli akajikuta hana chenji." Daladala hajaisikia maishani. Lakini ina mlango, ina viti, ina konda na inatozwa nauli. Hata kabla ya nukta atasema, "Kumbe ni matatu!" Huyo hakupiga ramli. Amewahoji mashahidi wanne walioketi jirani na neno, na wote wamesema kitu kimoja.

Hapo ndipo kukisia kunapoachana na kubahatisha. Anayebahatisha hutaja neno la kwanza linalomjia kichwani. Anayekisia, ukimuuliza "umejuaje?", anaweka kidole juu ya maneno yaliyomwambia.

Sasa tuje kwenye kimombo. "The water from the old well was brackish, so the women walked two miles every morning to the river." Neno ni "brackish". Kwanza, linaeleza maji yalivyo, kwa hiyo ni kivumishi. Pili, kile kineno "so" kinafunga sababu na matokeo: maji yako hivyo, ndiyo maana wanawake wanakwenda mbali. Basi ni maji mabaya. Mabaya vipi? Machafu? Yana sumu? Yananuka? Sentensi haijasema, nawe usiseme. Andika "mabaya", uendelee. Inafuata: "Even boiled for tea, it left a taste of the sea on the tongue." Hapo mambo yamefunguka. Uchafu ungetulia chini, harufu isingeacha ladha ya bahari. Ni chumvi. Msomaji wa Kilwa au Lamu hahitaji nimweleze zaidi: ni yale maji ya kisima yaliyoingiliwa na chumvi, ambayo si ya bahari kamili lakini chai yake mgeni haimalizi.

Angalia ulivyofika. Katika kila hatua ulisema kile tu ulichokuwa na ushahidi nacho. Mwanafunzi anayeharakisha angeandika "machafu" kwenye sentensi ya kwanza akafunga daftari.

SWALI: Miongozo ya kusoma inataja aina sita au saba za vidokezo: fasili, mfano, kinyume, na kadhalika. Ni lazima nizikariri?

JIBU: Hapana. Sijawahi kuona mtu akisoma gazeti huku anajiambia, "Sasa nimekutana na kidokezo cha aina ya nne." Kinacholipa ni kuyazoea maneno madogo, yale ambayo wanafunzi huyaruka kwa sababu wanadhani wanayajua.

Maneno ya kugeuza ndiyo matajiri kuliko yote: "but", "although", "unlike", "whereas", "instead", "despite". Yanakuambia kwamba upande wa pili wa sentensi umepinduka. "Unlike her loquacious brother, who greeted every passenger on the bus by name, Asha was taciturn." Maneno mawili magumu katika sentensi moja, na huyajui yote mawili. Usiogope. Kaka anasalimia basi zima kwa majina; basi "loquacious" ni msemaji, mtu wa maneno mengi. "Unlike" inasema Asha ni kinyume chake. "Taciturn" ni mtu mkimya, ambaye maneno yake unayahesabu. Umepata mawili kwa bei ya moja.

Kisha kuna kineno kinachowaponza wengi: "or". Tumezoea kwamba ni "au" ya kuchagua, chai au kahawa. Lakini mwandishi akiandika "the larynx, or voice box, is damaged by smoke", hakupi uchaguzi. Anakueleza kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja, yaani zoloto, kisanduku cha sauti kilichoko kooni. Alama ya mkato mbele na nyuma ndiyo inayokunong'oneza. Nimeona watu wazima wakitafsiri taarifa za hospitali na kumpa mgonjwa viungo viwili badala ya kimoja.

SWALI: Je, kulikata neno vipande kunasaidia? Mwalimu wetu hutufundisha viambishi vya Kilatini.

JIBU: Kunasaidia, na sisi tuna bahati. Mtu aliyekulia katika Kiswahili hukata maneno tangu utotoni bila kuambiwa. Kutoka "soma" anapata msomaji, usomaji, somo, someka, somesha. Kwa hiyo anapoambiwa kwamba "-tion" na "-ness" huzaa nomino, "-ous" na "-ful" huzaa vivumishi, halioni jambo geni. Mwisho wa neno la Kiingereza mara nyingi unakupa aina ya neno, na aina ya neno ni nusu ya safari.

Lakini vipande husema uongo. Fikiria Mzungu anayejifunza Kiswahili akutane na "kifungua kinywa". Ki, fungua, kinywa. Ataapa kwamba ni chombo cha daktari wa meno! Nasi hufanya hivyo hivyo upande wa pili. Batia Laufer, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Haifa nchini Israel, aliwakuta wanafunzi waliodhani "infallible" ni kitu kisichoweza kuanguka, kwa sababu waliona "fall" ndani yake. Maana yake ni -siokosea kamwe, na mzizi wake wa Kilatini hauhusiani na "fall" ya Kiingereza.

Mfano ninaoupenda unapita barabarani kila siku. Nyuma ya malori ya mafuta huandikwa "Highly Inflammable". Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "in-" ni kikanushi atasoma: hayashiki moto. Akae hapo awashe sigara! "In-" ya neno hili haikanushi. Inatoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutia moto. Hatari hii waliiona hata wenye lugha. Katika karne ya 20 wataalamu wa usalama wa moto nchini Marekani walihimiza watu waandike "flammable", kwa kuhofia kwamba msomaji wa kawaida angekufa kwa ajili ya kiambishi. "Invaluable" nalo hupotosha: si kitu kisicho na thamani, ni kitu ambacho thamani yake haipimiki.

Kwa hiyo vipande ni shahidi mmoja. Msikilize, kisha uulize sentensi kama inakubaliana naye. Wakigombana, amini sentensi.

SWALI: Najaribu kukisia lakini kila sentensi ina maneno manne nisiyoyajua. Nifanye nini?

JIBU: Funga kitabu hicho. Silaumu akili yako, nalaumu kitabu. Mashahidi wenyewe hujui lugha yao, utawahojije?

Hili limepimwa. Paul Nation, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Victoria huko Wellington, New Zealand, ambaye kazi yake yote ni msamiati, pamoja na mwenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba ili mtu asome hadithi kwa raha bila msaada anahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno yaliyomo. Isikike kama hesabu ya sokoni: neno moja geni katika kila 50. Ukurasa wa maneno 300 unakuwa na mageni sita. Ukijua asilimia 90, ambazo kwenye mtihani ni alama za kujivunia, ukurasa ule ule una mageni 30, na hapo hakuna cha kukisia. Ni giza.

Nation huyo huyo alikadiria mwaka 2006 kwamba kufikia asilimia hizo 98 katika riwaya na magazeti ya kawaida kunahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Familia ni kama ule ukoo wa "soma" niliouonyesha juu. Usikate tamaa kwa idadi, kwa sababu maneno hayana uzito sawa. Mwaka 1953 Mwingereza Michael West, aliyekuwa amefundisha Bengal miaka mingi, alitoa orodha ya maneno kama 2,000 ya msingi, na maneno hayo peke yake hubeba takriban asilimia 80 ya maandishi ya kila siku. Mwaka 2000 Averil Coxhead, naye wa Wellington, akatoa orodha ya familia 570 zinazorudi rudi katika vitabu vya vyuo: "subsequent", "inherent", "hypothesis" na ndugu zao. Zinagusa kama neno moja katika kila kumi ya maandishi ya kitaaluma. Jifunze hizo orodha mbili kwa makusudi, kwa jasho. Kukisia kutakufaa baada ya hapo.

Nasema hivi kwa sababu wako walimu wanaompa mtoto wa maneno 500 makala ya gazeti la London na kumwambia "tumia muktadha". Ni sawa na kumtupa Kivukoni mtu asiyejua kuogelea na kumwambia atumie maji.

SWALI: Mimi ni mzazi. Mwanangu amemaliza darasa la saba kwa Kiswahili na sasa sayansi yote ni kwa Kiingereza. Akisie maneno kama "photosynthesis"?

JIBU: Asikisie, mama. Maneno ya sayansi yana maana moja iliyopimwa na kitabu chenyewe huifafanua, mara nyingi mara ya kwanza neno linapotajwa, kwa herufi nzito au baada ya "is called" na "is known as". Mfundishe mwanao kuitafuta ile sentensi ya kwanza na kuipigia mstari.

Tena mwanao ana mtaji ambao shule husahau kumwambia. Alipokuwa shule ya msingi alisoma usanisinuru. Lipasue: usanisi, nuru. Sasa lipasue la Kiingereza, ambalo limetoka Kigiriki: "photo", nuru, "synthesis", usanisi. Ni neno lile lile limevaa kanzu nyingine. Maana anayo, jambo zima, majani na jua na hewa. Anachokosa ni jina tu. Ninyi wazazi mnaoambiwa kwamba Kiswahili cha msingi kimempotezea mtoto muda, mwekeeni vitabu vyake vya darasa la saba pembeni ya vya kidato cha kwanza mwone.

SWALI: Nimeambiwa nijaribu kuweka kisio langu mahali pa neno, nisome sentensi, ikikaa vizuri basi nimepatia. Ni kweli?

JIBU: Ni kipimo kizuri na kiliniaibisha. Nikiwa kidato cha nne nilikuwa na tabia ya kusoma magazeti ya Kiingereza mabovu mabovu yaliyofungiwa vitumbua. Huko nilikutana na "notorious". Mtu fulani "notorious" anajulikana wilaya nzima. Mwingine "notorious" polisi wote wanamjua kwa jina. Nikaweka "famous" mahali pake: inakaa. Mara ya pili: inakaa. Nikaridhika. Siku ya mahafali nikachaguliwa kusoma risala, nikasimama mbele ya wazazi na walimu, nikamkaribisha kwa sauti kubwa "our notorious guest of honour".

Mgeni rasmi alicheka mpaka akafuta machozi. Mwalimu wa nidhamu hakucheka.

Nilikuwa nimepata nusu ya maana. "Notorious" ni kujulikana, ndiyo, lakini kujulikana kwa ubaya. Magazeti yetu yana neno linalokaribia: jambazi sugu. Hakuna anayesema daktari sugu. Kipimo cha kubadilisha neno kinakuambia kama maana inaingia mlangoni. Hakikuambii imevaa rangi gani. Kwa hiyo ongeza swali moja: neno hili nimeliona likiambatana na watu gani, au vitu gani? Kama mara zote ni wezi, usimvalishe mgeni rasmi.

Kuna hatari kubwa zaidi, nayo ni sentensi inayokupeleka njia isiyo yake kabisa. Soma hii: "Juma smiled and bowed as the chairman offered him his perfunctory thanks." Tabasamu, kuinama, shukrani. Kila mtu darasani atasema shukrani za dhati. Kumbe "perfunctory" ni za bora liende, za kutimiza wajibu huku mtu anatazama saa. Sentensi haijasema uongo. Juma ana adabu zake, ametabasamu hata hivyo. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani Isabel Beck na wenzake waliyapanga mazingira ya maneno katika makundi manne: yanayoelekeza, yanayoelekeza kwa mbali, yasiyoelekeza kokote, na yanayopotosha. Vitabu vya mazoezi vina sentensi za kundi la kwanza kwa sababu zimetungwa kwa ajili ya zoezi. Dunia haijatungwa hivyo. Mwandishi wa habari au wa riwaya hakuandika sentensi yake ili akufundishe neno. Aliwaandikia watu ambao tayari wanalijua.

SWALI: Kwenye mtihani nilipoteza alama kwa neno nililolijua kabisa. Inakuwaje?

JIBU: Bila shaka uliandika maana unayoijua, si maana iliyotumika. Watahini huandika "kama yalivyotumika katika kifungu" na wanafunzi hawasomi maneno hayo. Neno unalolijua ni hatari kuliko usilolijua, kwa kuwa halikusimamishi.

"Sanction" ni mfano wa kitabu. Redioni tumelisikia katika habari za vikwazo. Kisha kifungu kinasema: "The council sanctioned the new market and set aside money for the roof." Halmashauri iliyowekea soko vikwazo haitengi fedha za paa. Hapa imeidhinisha. Neno moja, maana mbili zinazopigana. "Oversight" nalo hivyo: kamati ya bunge ina jukumu la "oversight", yaani usimamizi, lakini "an oversight" ni jambo lililompitia mtu, kama jina lako lililorukwa kwenye orodha. Tazama kile ki-"an" kidogo. Ndicho kidokezo.

Na kuna maneno yanayobadilika kwa kuvuka bahari. Ku-"table" hoja kwa Uingereza, na kwa mabunge yetu yaliyofuata desturi hiyo, ni kuiwasilisha mezani ijadiliwe. Kwa Marekani ni kuiweka kando isijadiliwe. Winston Churchill ameeleza katika kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia jinsi maofisa wa pande hizo mbili walivyobishana muda mrefu juu ya neno hilo, kumbe wote walitaka jambo moja. Hao ni wenye lugha yao.

SWALI: Nikishakisia nikapatia, baada ya wiki nimesahau. Kichwa changu kibovu?

JIBU: Kichwa chako ni cha kawaida. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi waliunganisha majaribio 20 ya wanafunzi waliokuwa wakisoma kwa kawaida tu, wakaona kwamba kati ya maneno 100 mageni wanayokutana nayo, yanayobaki ni kama 15. Neno hutaka kukutana nawe tena na tena, kila mara limevaa nguo nyingine.

Mimi hutumia daftari la kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto naandika sentensi nzima, siyo neno peke yake, na kisio langu kwa penseli. Kulia, baada ya kamusi, maana kwa kalamu. Kisio lililokosewa silifuti. Kosa langu la "notorious" nalikumbuka hadi leo kuliko maneno elfu niliyopatia. Lirudie daftari kesho yake, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Hayo madesa ya maneno 200 mnayoyakremu usiku wa kuamkia mtihani huyeyuka kabla hamjavua sare.

SWALI: Kamusi basi ina kazi gani? Na simu je?

JIBU: Kamusi ni hakimu, na hakimu huja baada ya mashahidi. Ukimwita kwanza, hutajifunza kuhoji. Kwa Kiswahili tunayo Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ya mwaka 1996, inayofaa pale unapotaka kisawe cha haraka. Kwa kwenda mbali zaidi tafuta kamusi ya wanaojifunza. Ile maarufu ya Oxford ilianzishwa na A. S. Hornby, mwalimu Mwingereza aliyekuwa Japani, ikachapishwa Tokyo mwaka 1942, katikati ya vita. Kamusi ya Longman ya mwaka 1978 ilikwenda mbele ikafafanua maneno yake yote kwa msamiati wa maneno kama 2,000 tu, kwa hiyo haikufukuzi kutoka neno gumu moja kwenda jingine.

Kosa la wengi ni kuchukua maana namba moja. Soma zote, kisha chagua ile inayokubaliana na ushahidi uliokwisha kuukusanya. Simu ni hivyo hivyo: ipe sentensi nzima. Ukiipa "sanction" peke yake, itakupa vikwazo na kulifunga soko.

SWALI: Nikitumia maneno haya magumu kwenye insha, nitapata alama zaidi?

JIBU: Utapata chache. Neno la kusoma si neno la kuandika mpaka uwe umeliona kwa waandishi wengine mara kadhaa na unajua linaambatana na nini. Ung'eng'e wa kuazima hutambulika mstari wa kwanza.

SWALI: Nipo nje ya shule, nafanya kazi ya duka. Nianze kusoma nini?

JIBU: Fungua kitabu chochote katikati, soma ukurasa mmoja, kunja kidole kwa kila neno usilolijua. Mkono mmoja ukikunjika wote na kidogo, chukua. Mikono miwili ikiisha, rudisha kwenye rafu bila aibu.

Ukiniuliza mimi, ningependa uanze na Waafrika, kwa sababu moja ya ufundi. Chinua Achebe katika Things Fall Apart, riwaya ya mwaka 1958, anaacha maneno ya Kiigbo ndani ya Kiingereza na kuyawekea vidokezo pembeni. Ukikutana na "obi", baada ya kurasa chache unaiona ile nyumba ya mwenye kaya kana kwamba umepiga hodi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, amefanya vivyo hivyo na maneno yetu katika Paradise ya mwaka 1994. Hapo utaonja kitu kitamu: msomaji wa London anahangaika kukisia "seyyid" ni mtu wa namna gani, nawe umekaa dukani kwako unajua tayari. Utaona mwandishi anavyomsaidia huyo Mwingereza, kidokezo hapa, kidokezo pale, na utajua pa kutazama zamu yako ikifika.

Riwaya hiyo ipo pia kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ziweke mbili pamoja, soma aya ya Kiingereza kwanza, kisia, kisha pima. Ila tafsiri si kamusi. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969, "merchant" wa kwenye jina alitoka mikononi mwake akiwa mabepari. Hapo hujifunzi maana ya "merchant". Unajifunza maoni ya Nyerere.

SWALI: Mwalimu, tuachie zoezi.

JIBU: Haya matatu. Hakuna kamusi, hakuna simu.

"The strike was so protracted that the children forgot their teachers' names."

"He was frugal but never miserly: he patched his own shirts, yet paid his nephew's school fees without being asked."

"The crowd cheered as the minister began his desultory speech."

Niandikieni maana za maneno manne: "protracted", "frugal", "miserly" na "desultory", na kwa kila moja mtaje neno lililowapa ushahidi. Kisio lisilo na sababu sitalisahihisha. Na mjue kwamba sentensi moja kati ya hizo haina ushahidi wa kutosha. Atakayeitambua akathubutu kuandika "sijui" nitampa alama zote.